Mwanafunzi Mgeni Anapokuja Kuhudumia Watoto Wetu



Wamisionari wa Maryknoll, waliofika Musoma mwaka 1946, walianzisha shule ya lugha pale Makoko, maana anayetaka kuhudumu hana budi kwanza kuwa mwanafunzi. Fundisho hilo lawahusu pia vijana wa vyuo vya ng'ambo wanaokuja kwetu kwa majuma machache kujifunza kwa njia ya huduma: hufanya kazi, hutafakari waliyoyaona, kisha huyarudisha darasani kwao.

Hapa Nyamuswa watoto wengi huongea Kiikizu nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari hukabiliwa na Kiingereza katika karibu masomo yote. Mgeni aweza kuwasaidia kuzoea kukizungumza. Lakini mwalimu wa darasa ndiye aongozaye. Mgeni asipoelekezwa, huvuruga mpango wa muhula.

Tuilinde pia mioyo ya watoto. Mtoto humzoea mgeni upesi. Akiondoka bila kuaga, jeraha hubaki. Basi siku ya kuondoka itajwe tangu mwanzo. Picha zisipigwe bila ridhaa ya mzazi, wala mgeni asikae faraghani na mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatanguliza maslahi ya mtoto, na Bwana wetu alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake (Mt 18:2).

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumpokee kwa furaha, ili wote wawili, mgeni na mtoto, wapone.