Wewe ni mzito au simu yako ndiyo nzito? Hivi ndivyo programu zinavyopima kasi ya ubongo

Umeshawahi kucheza ule mchezo wa simu ambapo kioo kikigeuka kijani unatakiwa ugonge haraka? Wewe unapata 380, rafiki yako mwenye simu mpya anapata 300. Anaanza kukucheka: "Kaka, wewe mzito!"

Kabla hujakubali kuitwa mzito, soma hapa. Inawezekana kabisa mzito ni simu yako.

Hizo namba ni milisekunde. Sekunde 1 ina milisekunde 1,000. Mtu mzima mwenye afya akiona taa imewaka na kubonyeza kitufe, hutumia kama milisekunde 200 hadi 250. Akisikia mlio badala ya kuona taa, huwahi kidogo zaidi.

Kwa nini wapime kitu kidogo hivyo?

Kwa sababu ubongo hauna dirisha la kuchungulia, ila muda wake unapimika.

Mwaka 1868, daktari wa Uholanzi aitwaye Franciscus Donders alikuja na wazo rahisi. Mpime mtu akibonyeza kitufe kimoja tu kila taa inapowaka. Kisha mpime akichagua kati ya vitufe viwili, kulingana na taa iliyowaka. Chukua muda wa pili, toa muda wa kwanza. Kinachobaki ndio muda ambao ubongo ulitumia kuchagua.

Mfano mwingine unaweza kuujaribu sasa hivi. Andika neno NYEKUNDU kwa kalamu ya kijani, kisha mwambie mtu ataje rangi ya wino, asisome neno. Atakwama kidogo. Jaribio hili lilitangazwa na Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935, na mpaka leo linatumika kupima umakini.

Shida ni kwamba tofauti zinazotafutwa ni ndogo sana. Mara nyingi ni milisekunde 20, 50 au 100 hivi. Saa ikikosea kwa kiasi hichohicho, utafiti wote umeharibika.

Muda unapotelea wapi?

Ukigonga simu au kompyuta unaona kama imejibu palepale. Kumbe sivyo.

Kwanza ni kioo. Vioo vingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani mara moja kila milisekunde 16.7 hivi. Programu ikitoa amri picha itokee katikati ya mzunguko, picha inasubiri zamu yake.

Pili ni kibodi. Kibodi nyingi za kawaida huulizwa na kompyuta kila baada ya milisekunde 8 kama kuna kitufe kimebonyezwa. Kioo cha kugusa kinaweza kuchelewa zaidi, hata makumi ya milisekunde.

Tatu ni kazi nyingine za simu. WhatsApp inapokea ujumbe, programu fulani inajisasisha, kumbukumbu imejaa. Hapo simu inaganda kidogo na saa ya jaribio inavurugika.

Programu za utafiti zinafanya nini tofauti?

Hazitoi amri ya kuonyesha picha halafu zikaondoka. Zinapakia picha zote mapema, zinasubiri kioo kianze mzunguko mpya, ndipo zinaanza kuhesabu. Muda wa picha kukaa kwenye kioo unahesabiwa kwa mizunguko, hauhesabiwi kwa kukisia. Kioo kikiruka mzunguko mmoja, programu nzuri inaandika kwenye kumbukumbu zake ili mtafiti ajue jaribio lile lina kasoro.

Zipo nyingi. E-Prime ya Marekani inauzwa. PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, ni ya bure na yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa. Ipo pia jsPsych, inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, nayo ni ya bure. Kwa mwanafunzi wa chuo anayejilipia utafiti wake, neno "bure" si dogo.

Je, za bure ni dhaifu? Mwaka 2020, Peirce na wenzake walichapisha vipimo vya programu nyingi kwa pamoja, wakitumia vifaa maalumu vya kunasa mwanga na mlio. PsychoPy ikitumika kwenye kompyuta yenyewe ilikuwa na mtawanyiko wa chini ya milisekunde 1, sawa na zile za kulipia. Zinazopita kwenye kivinjari zilikuwa nyuma kidogo, ila bado zilifaa kwa kazi nyingi.

Sasa tuje Kintinku

Kintinku ipo Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye reli ya kati. Mabasi na malori ya Dodoma kwenda Manyoni yanapita hapo pia.

Tuseme mtafiti anataka kupima uchovu wa madereva wanaosimama hapo usiku. Kipo kipimo maarufu cha kazi hiyo, kilichotolewa na David Dinges na John Powell mwaka 1985. Dereva anakaa dakika 10, kila taa ikitokea anabonyeza. Akichelewa zaidi ya milisekunde 500, inahesabiwa kwamba umakini wake ulipotea. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, milisekunde 500 ni mita 11 za barabara.

Lakini mtafiti huyo katumia simu ya bei rahisi inayochelewa milisekunde 100. Dereva kajibu kwa 420, simu inaandika 520. Dereva mzima anaandikwa kachoka. Simu ndiyo iliyosinzia.

Au tuseme anapima watoto. Wa Dodoma mjini wanapimwa kwa kompyuta za maabara, wa Kintinku wanapimwa kwa tableti za zamani. Matokeo yanaonyesha watoto wa Kintinku wako nyuma kwa milisekunde 60. Ripoti inaandikwa, inasomwa, na maneno "watoto wa vijijini ni wazito" yanaanza kuzunguka. Nani atarudi kuuliza habari za tableti?

Na si kifaa tu. Mwaka 2002, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Hawakupima milisekunde, walipima uwezo wa kufikiri. Watoto walipofundishwa kwa muda mfupi namna ya kufanya maswali yale, alama zao zilipanda. Maana yake alama ya kwanza ilikuwa imeficha uwezo wao. Mtoto ambaye hajawahi kushika tableti naye yuko hivyohivyo: raundi za mwanzo anajifunza kifaa, hajaanza kupimwa.

Ukija kupimwa, uliza haya

1. Je, wote tunatumia kifaa cha aina moja?
2. Je, kifaa kimepimwa kinachelewa kiasi gani?
3. Je, tutapewa raundi za mazoezi kwa Kiswahili, zisizohesabiwa?
4. Je, intaneti na ujumbe vimezimwa wakati wa kupima?

Habari njema ni kwamba kama kifaa kinachelewa kwa kiasi kilekile kila mara, na mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, ucheleweshaji unajifuta. Ni ile hesabu ya kutoa ya Donders. Hatari inakuja pale mtu wa kifaa hiki anapolinganishwa na mtu wa kifaa kile.

Jipime bila simu

Chukua rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike juu, wewe weka vidole viwili wazi kwenye alama ya 0 bila kuigusa. Aiachie bila kukwambia, uidake. Angalia umedakia wapi:

Sentimita 15 ni kama milisekunde 175.
Sentimita 20 ni kama milisekunde 202.
Sentimita 25 ni kama milisekunde 226.
Sentimita 30 ni kama milisekunde 247.

Rudia mara 10 utafute wastani. Rula haina kioo cha kuchelewa wala haigandi, kwa hiyo hapo namba ni yako mwenyewe.

Wewe umepata ngapi kwenye rula, na simu yako ilikwambia ngapi? Tuandikie kwenye maoni hapo chini.