Serikali zikikosana, jirani asigeuke adui

Saa kumi na mbili asubuhi, Kavimvira. Wamama wa ndagala wamekwisha panga mabeseni yao karibu na bariyeri. Wakambisti wamekaa na vifurushi vyao vya franka ya Congo na franka ya Burundi. Upande ule ni Gatumba, na kutoka Gatumba kufika Bujumbura si mbali. Siye wa sendika ya wachimbaji tunapita pale mara nyingi, na kila mara tunasikia swali moja: «Leo watafungua?»

Swali hilo halihusu ndagala tu. Linahusu mafuta ya mawese kutoka Fizi, nyanya na vitunguu kutoka Burundi, karo ya shule ya watoto, na dawa ya mgonjwa anayengojea upande wa pili. Wakubwa wakikosana, jambo la kwanza kufungwa ni mpaka. Na mpaka ukifungwa, kitu cha pili kinachofungwa ni moyo wa mtu kwa jirani yake. Ya pili hiyo njo tunataka kuizungumzia leo.

Hata wazungu wako na Kavimvira yao

Mwaka wa 2025 tulisikia redioni habari ya Kanada na Marekani. Ni majirani wenye mpaka wa karibu kilometa 8,900, mrefu kuliko mwingine wowote kati ya nchi mbili duniani. Raisi Trump alisema Kanada ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani, kisha mwezi wa tatu akaweka ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa zake, ingawa nyingi zilipunguziwa baada ya siku chache. Chuma na aluminiamu havikusamehewa: asilimia 25 mwezi huo wa tatu, asilimia 50 mwezi wa sita.

Wakanada walikasirika. Katika jimbo la Ontario, maduka ya pombe ya serikali yaliondoa pombe ya Marekani. Katika michezo ya hoki, watu walizomea wimbo wa taifa wa Marekani. Wengi waliacha kwenda kutembea kule. Mzee mmoja wa kwetu alipoyasikia alicheka sana: «Kumbe hata wazungu wako na Kavimvira yao!»

Lakini kuko jambo ambalo halikutuchekesha. Wafanyakazi wengi wa chuma na wa migodi kule wako ndani ya sendika moja, United Steelworkers. Makao yake makuu ni Pittsburgh, Marekani, lakini wachimbaji wa nikeli wa Sudbury, Kanada, ni wanachama wake vilevile. Sendika hiyo haikukataa kila ushuru; yenyewe ilikwisha omba serikali ilinde viwanda dhidi ya bidhaa za bei ya kutupa kutoka mbali. Ila juu ya Kanada ilisema wazi: huyu si adui wetu, msiwapige wafanyakazi wake. Wamarekani waliomo hawakuambiwa wawachukie Wakanada, wala Wakanada hawakuambiwa watoke. Walitenganisha mambo mawili ambayo siye huku tunayachanganya kila siku: ugomvi wa serikali na mtu anayefanya kazi sawa na yako.

Sisi tumefungiwa mara ngapi?

Wachimbaji wa Kivu hawajasahau mwezi wa tisa 2010. Raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku iliondolewa mwezi wa tatu 2011. Kwa miezi hiyo sita, mchimbaji alikaa nyumbani na deni dukani, lakini madini hayakukaa nyumbani. Yalipita usiku, kwa wale wenye gari, bunduki na marafiki.

Mwaka wa 2020, kwa ajili ya Korona, bariyeri ya Gatumba ilifungwa, na ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufunguliwa. Mwezi wa kwanza 2024, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda baada ya shambulio la Vugizo, karibu na Gatumba, mwezi wa kumi na mbili 2023. Mtu atasema: hiyo ni habari ya Warundi na Wanyarwanda. Hapana. Karibu na Kamanyola nchi tatu zinatazamana, na biashara ya bonde la Ruzizi ilikuwa inazunguka kati ya zote tatu. Hata wasafiri wengi wa Uvira walikuwa wakienda Bukavu kupitia Bugarama, ndani ya Rwanda, kwa kuogopa barabara mbaya ya Ngomo.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa pili 2025, M23, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba inasaidiwa na Rwanda, iliingia Bukavu, halafu Kamanyola. Watu kwa makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Tusisahau ni nani alitupokea.

Tarehe 27 mwezi wa sita, mawaziri wa mambo ya nje wa Congo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani huko Washington. Mkataba unazungumzia pia uchumi wa pamoja na biashara ya madini. Katika picha tulizoona, hakukuwa na mchimbaji hata mmoja mezani.

Kosa letu wenyewe

Ni rahisi kuhukumu wakubwa. Tuseme na letu.

Mwezi wa tatu, katika mkutano wetu, mwenzetu mmoja alisimama akasema tufute kwenye orodha wote wanaosema Kinyarwanda au Kinyamulenge nyumbani kwao. Wengine walipiga makofi. Kati yetu alikuwemo ndugu ambaye tumeingia naye shimoni zaidi ya miaka kumi. Siku shimo lilipobomoka, yeye njo alichimba kwa mikono mpaka akamtoa mwenzetu hai. Siku ya mkutano hakusema kitu. Alichukua kofia yake akatoka. Na siye tulioona ni kosa, tulinyamaza. Ilituchukua wiki mbili kwenda nyumbani kwake kumuomba msamaha.

Tunaandika haya mwezi wa nane, na mwezi huu uko na kumbukumbu yake. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia Kivu ya Kusini, waliuawa katika kambi ya Gatumba, wakiwemo watoto. Mambo kama yale hayaanzi na panga. Yanaanza na orodha, na makofi, na wale wanaonyamaza.

Kuwachukia majirani hakujawahi kuzuia hata gramu moja ya dhahabu kupita kwa magendo. Anayepitisha kwa wingi hasemi kabila, anasema bei. Anayepigwa mpakani ni mwenye beseni.

Tunaomba nini

Kwa serikali zetu: mkilazimika kufunga mpaka kwa usalama, acheni njia kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo. Taksi zibandikwe ukutani kwa lugha ambayo mama wa ndagala anaisoma, na kila anayelipa apewe karatasi. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Tungependa tuione jumuiya hiyo pale bariyeri, si kwenye mabango tu.

Kwa wachimbaji wenzetu: orodha yetu inauliza jina, shimo na mchango. Haiulizi lugha ya mama yako. Na tuwatafute wenzetu wa upande wa pili, wachimbaji na wabebaji mizigo, tujuane kabla wakubwa hawajakosana tena.

Mama mmoja wa Kavimvira alituambia kwamba mpaka ulipofungwa 2020, Mrundi mmoja alikuwa na deni lake la ndagala. Alihesabu makuta hayo yamepotea. Siku bariyeri ilipofunguliwa, Mrundi yule alivuka na watu wa kwanza, akafungua ncha ya kitenge chake, akalipa yote. «Sikumuuliza serikali yake inasema nini,» alisema mama. «Nilimuuliza watoto hawajambo?»