Bunia: Kinachopindisha mpira ni hewa, wala si dawa

Septemba 2008, mjini Butembo, mechi ya kabumbu kati ya Nyuki System na Socozaki iligeuka msiba. Kipa alishutumiwa kutumia uchawi, fujo ikazuka, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, na zaidi ya watu 10 wakafa katika msongamano.

Hata leo, mpira ukizunguka ukuta wa wachezaji na kuingia wavuni, huko Bunia hakukosi mtu wa kusema: «Wametumia dawa.»

Mjerumani Gustav Magnus alichunguza jambo hilo mwaka 1852. Mpira unaopigwa pembeni huruka huku ukijizungusha. Upande mmoja unakwenda pamoja na hewa inayoupita, upande wa pili unashindana nayo. Hewa inatupwa upande mmoja, na mpira unasukumwa upande mwingine.

Waliolipima jambo hili zaidi ni watu wa beziboli, mchezo unaochezwa pia kwa jirani zetu Uganda: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Tangu 2015, viwanja vyote vya ligi kuu ya Marekani vina mitambo inayofuata kila mpira unaorushwa na kuonyesha umepinda sentimita ngapi. Mjini Denver, kwenye mwinuko wa mita 1,600, mpira hupinda pungufu karibu asilimia 20 kuliko miji ya pwani, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi.

Bunia nayo iko juu ya mita 1,200. Mpira ambao ungepinda mita moja kule Moanda, kando ya bahari, hapa utapinda karibu sentimita 90, tena utafika kwa kasi zaidi. Kipa mgeni anaweza kuchelewa bila kulogwa na mtu.

Kocha anaweza kupima mwenyewe. Simamisha telefone nyuma ya mpigaji, ielekee goli, na isitikisike. Rekodi mkwaju, kisha chora mstari ulionyooka kufuata mwanzo wa safari ya mpira. Umbali kati ya mstari huo na mahali mpira ulipoingia ndio mpindo wake. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hiyo kipimo unacho tayari kwenye picha.

Video kama hiyo, ikionyeshwa kwa wachezaji na mashabiki, inaweza kumkinga kipa na shutuma za uchawi.