Uwanja wa Wachonga Mawe: Mchoro wa Venice na Ushahidi Ulio Ndani Yake

Mnamo mwaka 1725 hivi, mchoraji wa Kiitaliano Giovanni Antonio Canal, anayejulikana zaidi kwa jina la Canaletto, alichora kwa rangi ya mafuta uwanja mmoja mdogo wa mji wa Venice unaopakana na Mfereji Mkuu, ile njia pana ya maji inayoupitia mji huo kwa kupindapinda na kutumika kama barabara yake kuu. Picha hiyo, yenye upana wa sentimita 163 hivi na kimo cha sentimita 124, imehifadhiwa katika National Gallery ya London kwa jina la Uwanja wa Wachonga Mawe, na wanahistoria wengi wa sanaa huihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za mchoraji huyo. Hukumu hiyo ni ya haki, ingawa anayeitazama kwa mara ya kwanza huenda akashangaa, kwa kuwa badala ya majumba ya fahari na sherehe za watawala, ambazo ndizo zilizompatia Canaletto jina na fedha, hapa hukutana na vumbi, vibanda vya mbao na nguo zilizoanikwa madirishani.

Sehemu ya mbele ya picha imetapakaa mapande ya mawe, na kati yake wanaume wamejiinamia kwa nyundo na patasi. Uwanja huo, unaoitwa Campo San Vidal, ulikuwa umegeuzwa kwa muda kuwa karakana ya kuchongea mawe ya kukarabatia kanisa la San Vidal, ambalo lenyewe halimo pichani. Upande wa kushoto mtoto mdogo ameanguka chali, na kwa hofu amejikojolea, huku mama yake akimkimbilia mikono mbele na msichana mwingine akitazama tu; jogoo amesimama kwenye kizingiti cha dirisha, na upande wa pili mwanamke anasokota uzi kwenye roshani. Ng'ambo ya mfereji linaonekana kanisa la Santa Maria della Carità pamoja na mnara wake mrefu wa kengele. Mnara huo ulianguka mwaka 1744, miaka isiyozidi 20 baada ya picha kukamilika, na kanisa lenyewe likaja kuingizwa katika jengo la chuo na jumba la sanaa linaloitwa Accademia, kiasi kwamba anayesimama leo mahali pale haoni mnara wowote, bali huona daraja, ambalo nalo halikuwapo kabla ya mwaka 1854.

Katikati ya uwanja pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, nalo ni mwanamke anayeteka maji kisimani. Venice imezungukwa na maji ya chumvi, na ardhi yake haina chemchemi za kutegemewa, kwa hiyo kisima kile si kisima cha kuchimba hadi kufikia maji ya ardhini, bali ni mdomo wa birika la mvua lililofichwa chini ya uwanja mzima. Wajenzi walichimba shimo pana lenye kina cha mita kadhaa, wakalipaka udongo wa mfinyanzi ili maji ya chumvi yasipenye, wakalijaza mchanga, kisha katikati wakasimamisha bomba nene la matofali. Mvua iliponyesha, maji yalitiririka juu ya sakafu iliyoinamishwa kidogo, yakaingia katika matundu ya mawe yaliyotobolewa, yakachujwa na mchanga na kukusanyika ndani ya lile bomba. Uwanja wa mji, kwa maana hiyo, ulikuwa ni chombo cha kuvuna maji kabla ya kuwa mahali pa kupumzikia, na mfumo huo uliupatia mji maji, kwa msaada wa mashua zilizoleta maji ya mto wakati wa ukame, mpaka maji ya bomba yalipofika kutoka bara mwaka 1884. Wakazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ambako maji ya ziwa hayanyweki mpaka yasafishwe, na ambako foleni ya madumu penye bomba ndiyo inayoamua asubuhi ya familia itakwendaje, wataielewa sehemu hii ya picha upesi kuliko watazamaji wengi wa London, ambao aghalabu huipita haraka ili wamfikie jogoo.

Picha za aina hii huitwa kwa Kiitaliano veduta, yaani mandhari ya mji iliyochorwa kwa uangalifu kiasi cha mahali penyewe kutambulika. Canaletto, aliyezaliwa mwaka 1697 na kufariki mwaka 1768, alianza kazi pamoja na baba yake aliyekuwa mchoraji wa mapazia ya majukwaa ya tamthilia, kazi iliyomfundisha kupanga majengo mbele ya macho ya hadhira, na baadaye akawa muuzaji mkubwa wa veduta kwa vijana matajiri wa Uingereza waliokuwa wakizuru Italia ili kukamilisha elimu yao. Mtu wa kati katika biashara hiyo alikuwa Joseph Smith, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Venice na kuwa konseli wa nchi yake huko, ambaye mwaka 1762 aliuza mkusanyo wake, zikiwamo kazi nyingi za Canaletto, kwa Mfalme George wa Tatu. Uwanja wa Wachonga Mawe ni wa kabla ya wingi huo wa biashara, na inadhaniwa kuwa ulichorwa kwa ajili ya mteja wa Venice kwenyewe, mtu ambaye hakuhitaji kuoneshwa kitu cha kukumbukia safari. Hapa mkono wa mchoraji bado ni mzito na huru, vivuli ni vya kweli, na kuta zilizobanduka lipu zimepewa heshima ileile iliyopewa anga. Katika nyingi ya picha alizowauzia wageni baadaye, mawimbi yamekuwa vijistari vinavyofanana na watu wamekuwa nukta.

Usahihi wa veduta umewafanya wengi waamini kwamba zilinakiliwa moja kwa moja kwa kifaa kinachoitwa kamera obskura, yaani sanduku au chumba chenye giza kinachopokea mwanga kupitia tundu dogo au lenzi. Kanuni yake inaweza kushuhudiwa bila gharama yoyote katika nyumba nyingi za Nakivale zilizoezekwa kwa mabati, ambamo tundu lililoachwa na msumari huangusha duara la mwanga sakafuni. Duara hilo ni sura ya jua lenyewe wala si umbo la tundu, kwa maana hata tundu lenye pembe nne, likiwa dogo vya kutosha, hutoa duara vilevile. Tundu kama hilo likiwa ukutani, likaelekea njia yenye mwanga mkali, na mlango na dirisha vikafungwa kabisa, ukuta wa ndani unaolikabili utaonesha kwa ufifi ile njia pamoja na wapita njia wake, vichwa chini na miguu juu, kwa sababu miali ya mwanga husafiri katika mstari ulionyooka na hukingamana inapopita tunduni.

Jumba la makumbusho la Correr huko Venice linacho kifaa cha namna hiyo chenye jina la A. Canal, lakini wataalamu hawajakubaliana ni kwa kiasi gani mchoraji alikitegemea, kwani michoro yake inaonesha kazi nyingi ya penseli na rula. Lililo hakika ni kwamba hata kama alinakili sehemu moja moja kwa kifaa, picha iliyokamilika ilipangwa upya mezani: alisogeza majengo, alipanua maji, alirefusha au kufupisha minara, na mara nyingine aliunganisha mitazamo miwili ambayo mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja hawezi kuipata. Aliwahi hata kuchora daraja la Rialto kama msanifu Palladio alivyolipendekeza katika karne ya 16, daraja ambalo halikujengwa kamwe, akaliweka kwenye Mfereji Mkuu kana kwamba watu walilivuka kila siku.

Hapo ndipo linapozuka swali la msingi, yaani picha iliyopangwa namna hiyo inaweza kuaminiwa katika lipi. Jibu lililo na manufaa zaidi halikutoka kwa wanahistoria wa sanaa bali kwa Dario Camuffo, mtaalamu wa Italia wa fizikia ya angahewa, ambaye mwanzoni mwa karne hii, pamoja na wenzake, aliangalia katika veduta za Canaletto na za mpwa wake Bernardo Bellotto kitu ambacho wanunuzi hawakukilipia, nacho ni mwani. Kuta za Venice zina ukanda wa kijani ambao ukingo wake wa juu hufuata kimo cha kawaida cha maji kujaa, na wachoraji hao wawili waliuchora juu ya milango na ngazi zilezile ambazo bado zipo. Kwa kulinganisha ukingo wa pichani na ule unaopimwa leo, na kwa kuondoa athari ya mawimbi ya mashua za injini, watafiti walikadiria kuwa tangu wakati wa Canaletto mji umezama kwa takriban sentimita 60 kuhusiana na maji, kwa sababu ardhi imedidimia na bahari imepanda. Hakuna kipimo cha mitambo cha wakati huo cha kulinganisha na makadirio hayo, kwa kuwa upimaji wa bahari kwa mitambo ulianza Venice katika karne ya 19 tu.

Kanuni inayotokana na utafiti huo ni nzito: mchoraji hudanganya pale anapotaka kupendeza, na pale asipokuwa na sababu ya kupendeza husema kweli bila kukusudia. Uzito huo ulionekana Warsaw. Bellotto alikuwa mchoraji wa mfalme wa Poland kuanzia mwaka 1768 hadi alipofariki mwaka 1780, na mandhari alizouchora mji huo zilikuja kuwa miongozo ya wajenzi baada ya majeshi ya Ujerumani kuubomoa kwa makusudi mwaka 1944. Wajenzi walikuwa pia na michoro ya vipimo iliyofanywa kabla ya vita, lakini katika baadhi ya nyumba walimfuata Bellotto, pamoja na pale aliponyoosha au kupamba, na hivyo mji uliofufuliwa una mapambo ambayo mji uliokufa haukuwa nayo. Waliofanya hivyo hawastahili lawama, maana watu walikuwa wakirudi katika vifusi na walihitaji mitaa, lakini anayeutumia mji huo kama kumbukumbu ya karne ya 18 hana budi kujua kwamba anasoma picha.

Afrika ya Mashariki haina mifereji ya Venice, lakini inao miji ya kando ya maji na inazo picha zinazodai kusomwa hivyohivyo. Mbele ya bahari ya Unguja, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, huonekana katika picha za zamani bila mnara wa saa kwenye uso wake, ilhali mnara umesimama peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu mnara ule, na mpya ukajengwa ukishikana na uso wa jumba. Kwa hiyo mahali pa mnara panatosha kuitenga picha ya kabla ya mwaka huo na ya baada yake, hata kama aliyeipiga alikuwa akishughulika na jahazi zilizotia nanga.

Karibu zaidi na wasomaji wengi wa Nakivale ni kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake kwa picha 100 hivi, akimweleza kila moja kwa Kiswahili mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Picha za aina hiyo, ambazo watu wa kawaida wa Lubumbashi walizinunua na kuzitundika sebuleni, wenyewe waliziita za ukumbusho. Tshibumba hakuwa na lenzi wala rula ya Canaletto, na mara nyingi hakuwapo pale mambo yalipotokea, lakini alikuwa mkali kuhusu ukweli wa alichokichora, na hakuna sababu ya kumweka chini ya Mwitaliano yule eti kwa kuwa kuta zake hazikunyooka. Tofauti yao ni ya swali linaloulizwa: kwa Canaletto mtu huuliza maji yalifika wapi ukutani, na kwa Tshibumba huuliza ni nani aliyesimama, nani aliyepiga magoti, na nani aliyekuwa akitazama.

Maswali yote mawili yanahusu miji waliyoiacha wakazi wa Nakivale. Goma iliyokuwapo kabla ya tarehe 17 Januari 2002, siku lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, imo vichwani mwa watu ambao sasa wanazeeka, na mchoraji anayeichora leo akiwa Base Camp huko Nakivale, kwa maelezo yao au kwa kumbukumbu yake, atavutwa kuchora kanisa, rondipoo na duka kubwa. Achore hivyo vyote, lakini thamani ya picha yake itaongezeka sana akiweka pia mtaro, waya wa umeme, kibao cha fundi viatu na mahali wanawake waliposhusha mizigo, kisha nyuma ya turubai akaandika tarehe na mahali mtazamaji anapodhaniwa kusimama. Hali ni hiyohiyo Mbarara, ambako Mto Rwizi unaupita mji ukielekea kwenye mfumo wa maziwa ya Mburo na Nakivale, ukipungua wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa mvua: anayeuchora kutoka darajani, hata kwa penseli tu, ataacha kipimo kwa wale watakaokuja ikiwa ataonesha waziwazi maji yanagusa wapi kwenye nguzo.