Unaenda Wasini? Kwanza sema ukweli: unajua kuogelea?

Acha nikuulize kitu, na usijibu haraka. Unajua kuogelea? Simaanishi kusimama kwenye kidimbwi cha hoteli maji yakiwa kiunoni ukipigwa picha. Namaanisha ukiachwa mahali ambapo miguu haifiki chini, utaelea?

Kama umelelewa kati ya Ruiru na Thika kama mimi, jibu nalijua. Sisi ni watu wa bara. Maji tunayoyajua ni ya mtungi, ya mito ya Chania na Thika, na yale ya machimbo ya mawe. Hayo ya machimbo ndiyo yalitufunza kuogopa. Nikiwa darasa la sita, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliingia kuoga kwenye shimo lililojaa maji ya mvua. Hakutoka. Tangu siku hiyo, mama akikuta nywele zangu zimelowa, ilikuwa viboko kwanza, maswali baadaye. Hakuna mtu mzima aliyewaza kutufunza kuogelea. Tulifunzwa kukaa mbali, basi.

Sasa mwone mtu kama huyo ndani ya mashua katikati ya Bahari Hindi, miwani ya kupigia mbizi usoni, akijifanya hana wasiwasi.

Tulikuwa wanne. Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi mitano, wengine wakilipa kwa mia mia. Tukapanda treni ya usiku ya Madaraka, daraja la kawaida Sh1,500, tukavuka feri ya Likoni (ukitembea kwa miguu hulipi), kisha matatu hadi Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Wasini, ambako hakuna gari hata moja. Mbele zaidi ni hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na KWS. Ada inalipwa kwa eCitizen, kwa hivyo lipa mapema kabla mtandao haujakuangusha.

Njiani tuliona pomboo. Watatu, wanne, wakichomoza na kuzama kama wanatucheka. Nahodha alizima injini, akasema hawafukuzwi. Wakitaka kuja watakuja wenyewe.

Tulipofika Kisite akauliza, "Nani hajui kuogelea?"

Mashua nzima kimya. Mimi nikajifanya natazama upande wa Tanzania. Jaketi la kuelea nilikuwa nimelivaa bila kulifunga, ili shati jipya lionekane kwa picha. Nikaruka.

Manze, nisikudanganye. Jaketi lilipanda hadi masikioni, maji yakaingia kwa ule mrija wa kupumulia, na nikameza chumvi ya kutosha kupikia githeri mwezi mzima. Nilipiga mikono. Niliona shimo la mawe. Baharia aliruka akanishika kutoka nyuma, nami nikataka kumpanda kichwani. "Legeza mwili, kaka," akaniambia polepole. "Maji hayapiganwi. Ukiyapiga, nayo hukupiga."

Nilipovutwa ndani, nahodha hakunifokea. Aliuliza tu, "Mbona hukusema, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilinionea aibu kutoka. Mimi ni mtu wa kuficha. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, karibu mwaka mzima niliwaambia watu kwamba masomo yangu yamehamia mtandaoni. Kwa hiyo kusema "najua" wakati sijui ni kitu nimezoea. Tofauti ni kwamba ukidanganya kuhusu chuo unapata aibu. Ukidanganya bahari, unazikwa.

Nikainua mkono. "Kusema kweli, nahodha, sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Unajua kilichofuata? Rafiki yangu wa Thika, yule anayejiita simba, akainua wake. Kisha baba mmoja aliyekuja na wanawe. Kisha dada wawili. Tulikuwa tisa kwenye mashua, na tisa tulinyamaza. Kumbe watano hatukujua.

"Basi mngesema," nahodha akacheka. "Ningewaanzia pale maji madogo."

Akatusogeza. Akakaza kila kamba ya jaketi mwenyewe. Akatuonyesha kutemea mate ndani ya miwani na kuisuuza, ili isiingie ukungu. Tukashika ngazi, uso majini, tukapumua kwa mdomo mara kumi. Halafu tukaachilia, tumelala kifudifudi, mwili umelegea kama nguo iliyoanikwa.

Hapo ndipo nilipoona. Matumbawe yamejipinda kama ubongo, mengine kama pembe za swara. Samaki wenye mistari ya manjano wananipita kama mimi ni gogo tu. Kuna pono anatafuna matumbawe na unamsikia, kwarara, kwarara, kama mtu anakula barafu. Mchanga mweupe unaoupiga picha pwani? Sehemu yake imetoka tumboni mwa pono. Na yale matumbawe si mawe, ni wanyama wadogo walio hai. Mwaka wa 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Kwa hiyo usiyakanyage, na usitie kipande mfukoni.

Ukipanga kwenda, shika haya. Nenda msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, maji huwa yametulia na unaona mbali. Kusi kikivuma kuna mawimbi. Funga jaketi, kamba zote, hata kama picha itaharibika. Usitoke peke yako mbali na mashua. Vaa fulana ya mikono mirefu, maana jua litakuchoma mgongo bila wewe kujua. Ukirudi Wasini, pitia lile daraja la mbao la kina mama wa kisiwa juu ya matumbawe ya nchi kavu. Kiingilio chako kinabaki kijijini.

Lakini kubwa kuliko yote: nahodha akiuliza, inua mkono.

Mimi sasa kila Jumamosi asubuhi niko bwawani Thika na mwalimu wa kuogelea. Watoto wa miaka saba wananipita wakinirushia maji. Juzi mmoja aliniuliza, "Uncle, kwani hujui?" Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimekuja. Mama bado hapendi. Nilipofika nyumbani wiki jana aliangalia nywele zangu zimelowa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwalimu huyo anachukua pia watoto wa dada yangu.