Mlinzi wa Ghala Ana Mimba

Huko Sandoa, nyumba nyingi hutegemea mahindi na mihogo mikavu iliyowekwa akiba. Panya nao wanaitegemea akiba hiyo hiyo. Tena wasichokimaliza hukikojolea, kisifae kitu. Ndiyo sababu paka hupokewa nyumbani kwa furaha. Lakini siku anapoonekana ana mimba, naye mwenyewe bado mdogo, furaha hugeuka manung'uniko: "Tutamlishaje huyu na watoto wake?"

Wasomaji wapenzi, tusistaajabu. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, kabla mwili wake haujamaliza kukua. Basi chakula alacho chatakiwa kumkuza yeye na kuwalisha walio tumboni. Mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi, yaani majuma 9.

Wengine husema, "Paka akishiba hawindi." Si kweli. Paka huwinda kwa tabia yake, si kwa njaa tu. Na aliye na watoto hujitahidi zaidi, kwa maana huwaletea mawindo na kuwafundisha. Bukari peke yake haumtoshi, kwa kuwa mwili wa paka wataka nyama. Apewe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku: ndakala waliolowekwa ili chumvi itoke, matumbo ya kuku yaliyopikwa, au yai lililochemshwa, pamoja na maji safi. Asipewe vitunguu, wala kidonge cha parasetamoli, maana hata kimoja chaweza kumwua.

Hatari iliyo kubwa ni sumu ya panya. Paka akila panya aliyelishwa sumu, aweza kufa, na watoto tumboni wakafa pamoja naye. Mwenye nyumba achague moja: sumu au paka.

Mama wa nyumba akiwa mjamzito, naye ajihadhari. Katika kinyesi cha paka mwaweza kuwamo vijidudu viitwavyo toksoplasma, viwezavyo kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine akifukie kila siku. Mama anawe mikono kwa sabuni na kuosha vema mboga za bustani. Hapana haja ya kumfukuza paka.

Siku zikikaribia, tayarisheni sanduku lenye vitambaa safi, mahali penye giza na utulivu. Hasa mwezi wa Juni na Julai, wakati usiku una baridi. Watoto wa nyumbani wakatazwe kumkimbiza au kumbonyeza tumbo. Akianza kuzaa, mwacheni: yeye mwenyewe hupasua ngozi nyembamba iliyomfunika mtoto, akamramba. Asipofanya hivyo, ipasueni upesi kwa vidole safi, mkampanguse mtoto pua na kinywa. Akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa pasipo mtoto kutoka, mwiteni hima mganga wa mifugo.

Vitoto hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Wasitengwe na mama yao kabla ya majuma 8. Ndipo majirani wasumbuliwao na panya watakapowapokea kwa shukrani.

Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Heri kumtunza mlinzi wetu miezi miwili ya mimba yake kuliko kulilia ghala tupu mwaka mzima.