Amekamatwa Usiku: Jinsi ya Kumtafuta Ndugu Yako Katika Jela ya Kaunti Marekani

Mtu akikamatwa Nairobi au Dar es Salaam, jamaa zake wanajua pa kuanzia. Wanakwenda kituoni, wanasimama kaunta, wanauliza kama jina lake limo kitabuni. Mtu huyohuyo akikamatwa Fort Morgan, mji mdogo katika nyanda za mashariki mwa jimbo la Colorado, jamaa wanabaki na simu isiyopokelewa. Walioko Marekani hawajui wapige wapi. Walioko Bukavu, Kigoma au Nakuru wanahangaika na orodha za magereza kwenye intaneti, hawamwoni, wanaanza kuamini amepotezwa. Na mara nyingi jina lake liko wazi, kwenye orodha ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma. Tatizo ni kwamba wametafuta kwenye ofisi isiyohusika, au wameandika jina tofauti na lilivyoandikwa na jela.

Nimechukua mfano wa Fort Morgan kwa sababu ni mahali ambapo Kiswahili kinasikika. Kiwanda cha nyama cha Cargill kimewavuta Wasomali, Wakongomani na wengine wengi kwenye Kaunti ya Morgan, yenye wakazi takriban 29,000. Miji ya aina hiyo imetapakaa: Garden City katika Kansas, Lexington katika Nebraska, Cactus katika Texas. Mkimbizi anaishi mbali na mashirika ya misaada ya mjini, na mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji huenda akawa mwendo wa saa moja au mbili kwa gari.

Kwanza tuelewe nani anamshika nani. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, na karibu kila moja ina sherifu wake aliyechaguliwa na wananchi kwa kura. Jela ya kaunti ni ya sherifu. Humo huwekwa waliokamatwa wakisubiri mahakama, pamoja na waliohukumiwa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka. Magereza ya jimbo ni mamlaka nyingine kabisa. Kaunti jirani ya Logan ina gereza kubwa la jimbo la Colorado, lile la Sterling, lakini aliyekamatwa jana hawezi kuwa mfungwa wa humo. Kulitafuta jina lake katika orodha ya magereza ya jimbo ni kupoteza usiku. Vilevile orodha ya wafungwa wa serikali ya shirikisho haitamwonyesha. Hakuna daftari moja la taifa linalokusanya jela zote za kaunti.

Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza aliyeshuhudia ni hili: alikamatiwa wapi hasa, na gari la polisi lilikuwa la nani? Polisi wa mji, polisi wa barabara kuu wa jimbo na maofisa wa sherifu wote humpeleka mtu kwenye jela ya kaunti alikokamatiwa, hata kama anaishi kaunti nyingine. Aliyesimamishwa barabarani usiku akirudi Greeley anaweza kuwa jela ya Kaunti ya Weld au ya Morgan, kutegemea alivuka mpaka wa kaunti hizo au la. Kuna kaunti ndogo zisizo na jela, zinazolipia vitanda kwa jirani. Kuna pia majimbo yenye utaratibu wao: Kentucky huchagua msimamizi wa jela kwa kura, mbali na sherifu, West Virginia ina jela za kanda zinazoendeshwa na jimbo, na Connecticut, Delaware, Rhode Island na Vermont hazina jela za kaunti kabisa.

Anapofikishwa jela, mtu huandikishwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole, picha, vitu alivyokuwa navyo, maswali ya afya, makosa anayotuhumiwa, na namba yake ya usajili. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na siku ya shughuli nyingi huchukua zaidi. Aliyelewa au aliyeumia anaweza kupelekwa hospitali kwanza. Kwa hiyo kutomwona saa mbili baada ya kukamatwa si habari mbaya. Rudi asubuhi.

Tafuta tovuti ya sherifu wa kaunti hiyo, yenyewe, na si zile za biashara zinazojitokeza juu ya matokeo ya utafutaji na kudai malipo. Kaunti nyingine huonyesha waliomo jela kwa sasa. Nyingine huweka walioingia ndani ya siku moja au tatu. Nyingine hubandika faili moja kila asubuhi ya siku za kazi. Nyingine haziweki chochote, na gazeti la mji ndilo linalochapisha majina kila wiki. Kuna pia VINELink, huduma ya bure iliyoanzia Louisville, Kentucky, mwaka 1994, ili waathirika wa uhalifu wajue mshtakiwa anapoachiwa. Ndugu pia anaweza kuitumia, na inafika kwenye jela nyingi za vijijini.

Majina ndiyo yanayowapoteza watu wetu zaidi. Programu nyingi za jela hulinganisha herufi kwa herufi. Ukiandika Juma nao wameandika Djuma, utaambiwa hayupo. Mkongomani aliyesajiliwa kwa tahajia ya Kifaransa anaweza kuwa Chabani au Yousouf, na mdogo wake aliyezaliwa kambini Nyarugusu akaandikwa Shabani na Yusufu. Hamisi huwa Amisi au Khamis. Ramadhani huwa Ramazani. Halafu kuna mpangilio. Fomu ya Marekani inataka jina la kwanza na la ukoo, nasi tunabeba jina letu, la baba na la babu. Mtu wa kubuni, tumwite Bahati Amisi Ramazani, anaweza kuwa chini ya R, chini ya A, au chini ya B ikiwa ofisa wa uhamiaji miaka kumi iliyopita aliyageuza majina. Wakati mwingine majina mawili huunganishwa yakawa neno moja.

Ofisa wa jela hakumuuliza mama mzazi. Alinakili kitambulisho. Kwa hiyo tafuta picha ya leseni yake ya udereva, kadi ya ukaazi au hati ya mshahara, uandike jina kama lilivyo humo, makosa na yote. Usipokuwa nayo, andika herufi tatu za mwanzo tu za kila jina, moja baada ya jingine, usome orodha nzima. Jela ya kijijini ina watu wachache kiasi cha kusomeka yote kwa dakika chache. Tarehe ya kuzaliwa husaidia, ila kumbuka kwamba wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana wakati wa usajili.

Ukimpata, soma polepole. Katika Colorado herufi F mbele ya kosa huashiria kosa kubwa na M kosa dogo, na tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo kosa linavyokuwa zito. Utaona kiasi cha dhamana, au maneno kwamba dhamana bado haijapangwa. Na angalia tarehe ya mahakama kwa macho mawili: Wamarekani huanza na mwezi. Ukiona 03/07, ni tarehe 7 Machi. Nasisitiza hili kwa sababu kukosa kufika mahakamani huzaa hati mpya ya kukamatwa, hata kama kosa la kwanza lilikuwa dogo tu.

Usipompata, piga simu ya jela. Hupokelewa hata usiku, na ofisi zinazopata fedha za serikali kuu zinafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kutokumbagua mtu kwa sababu ya asili yake. Omba mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya. Toa jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha uliza: yumo? Namba yake ya usajili ni ipi? Dhamana ni kiasi gani? Anafika mahakamani lini? Kuna mamlaka nyingine inayomtaka? Mueleze huyo wa simu mambo hayo tu. Kisa chenyewe kiachie wakili. Na ndugu yako akikupigia kutoka jela, mkumbushe kwamba mazungumzo yanarekodiwa.

Swali lile la mwisho ni la uhamiaji. ICE, idara ya uhamiaji ya serikali kuu, huweza kuiomba jela imshikilie mtu hadi waje kumchukua. Colorado ilipitisha sheria mwaka 2019 inayokataza jela za kaunti kumzuia mtu kwa ombi hilo peke yake, lakini haiwazuii maofisa wa uhamiaji kumsubiri nje. Katika majimbo mengine jela hukubali. Kwa hiyo asiye raia aongee na wakili kabla jamaa hawajalipa dhamana, maana mlango wa jela unaweza kuwa mwanzo wa safari nyingine. Na asikubali kosa ili atoke haraka: mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini.

Jina likitoweka ghafla, huenda ameachiwa, amehamishiwa jela ya jirani, au amechukuliwa na ICE, ambao wana kituo Aurora, karibu na Denver. ICE wana mfumo wao wa kutafuta. Unaweza kutumia namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, yenye tarakimu tisa, pamoja na nchi aliyozaliwa. Mtoto wa Kikongomani aliyezaliwa Kigoma huandikwa Tanzania. Familia nyingi hujaza Kongo na kuambiwa hayupo.

Kuna jambo linaloniumiza. Rekodi hizi ni wazi kwa sababu nzuri: serikali isimfiche mtu ndani bila jamaa kujua. Lakini matapeli nao huzisoma. Humpigia mama simu, wanamtajia jina, kosa na kiasi cha dhamana, wanajiita watu wa sherifu, na kutaka alipe kwa kadi za zawadi za dukani. Hakuna jela inayopokea dhamana hivyo. Kata simu, upige namba iliyo kwenye tovuti ya sherifu. Wadhamini wa biashara, yaani kampuni zinazomwekea mshtakiwa dhamana, nao huchukua ada, aghalabu asilimia 10 au zaidi, ambayo hairudi, wakati fedha taslimu iliyowekwa mahakamani hurudishwa kesi ikiisha na mshtakiwa akiwa amehudhuria, ikishatolewa gharama zinazodaiwa.

Na tafadhali, usiitume picha ya ndugu yako iliyopigwa jela kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Katikati ya mwaka 2022 jela za Marekani zilikuwa na watu 663,100, na takriban asilimia 70 walikuwa hawajahukumiwa kwa lolote. Mashtaka yanaweza kufutwa keshokutwa. Picha itabaki kwenye simu za watu 200.

Mwisho, ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kwa Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda au Mkongomani, ni kwa hiari yake, aombe mwenyewe. Kwa raia wa Tanzania, polisi wa Marekani wanalazimika kuujulisha ubalozi hata asipoomba, kutokana na makubaliano kati ya nchi hizo mbili. Aliyeomba hifadhi kwa kuikimbia serikali yake ana haki ombi hilo lisifichuliwe kwa nchi yake, na wakili wake ndiye wa kuwakumbusha jela jambo hilo siku ya kwanza.